Cheti kimevuka bahari, shahidi amebaki

Mwaka 2024 Serikali ya Muungano ilipopeleka bungeni mapendekezo ya kuwapa hadhi maalumu watu wenye asili ya Tanzania waliochukua uraia wa nchi nyingine, barazani kwetu Zanzibar mjadala ulianza kabla kahawa haijapoa na hadi leo haujaisha. Lakini sikiliza mjadala wenyewe unazungumzia nini: nyumba na pesa. Nani ataruhusiwa kumiliki kiwanja, nani ataingia bila kuhangaika na viza, nani ataleta mtaji wa hoteli. Wanaounga mkono wanahesabu fedha zitakazoingia, wanaopinga wanahofia ardhi itakayoondoka. (Ardhi yenyewe si jambo la Muungano, kwa hiyo kurekebisha sheria ya ardhi ya Bara hakugusi hata shubiri moja ya udongo wa Visiwani, ila hayo ni mabishano ya siku nyingine.) Pande zote mbili zimemweka mbele mtu mmoja tu, mwenye fedha, na huyo hana shida kubwa ya kurudi. Akitaka atakuja hata kama mtalii. Mwenye shida ni yule ambaye mali yake ni kazi aliyoisomea: muuguzi, mhandisi, wakili, mtaalamu wa maabara. Hadhi maalumu inahusu kuingia, kukaa na kumiliki. Leseni ya taaluma hutolewa na mabaraza na bodi nyingine kabisa, na hizo hazikutajwa barazani hata mara moja.

Hoja yangu ni kwamba tumekosea kuelewa kinachomwangusha mtaalamu anapohama, awe anatoka Wete kwenda Birmingham au anatoka Copenhagen kurudi Chukwani. Tunadhani ni uvivu, au ubaguzi, au lugha. Hivyo vyote vipo kwa viwango vyake. Kinachomwangusha hasa ni kukatikiwa na ushahidi. Cheti anacho, kimo ndani ya bahasha, kimelainishwa na mikono ya maofisa wa uhamiaji. Hayupo mtu wa kusema kwamba cheti kile ni chake kweli na kwamba kazi ile aliifanya miaka ile. Na shahidi mkuu wa wataalamu wetu ni ofisi zetu wenyewe, ambazo zikiitwa kutoa ushahidi aghalabu hazitokei.

Tazama kijana wa Kipemba anayeshuka boti Dar es Salaam kwenda kuanza maisha Kariakoo. Cheti hana, mara nyingine hata kidato cha nne hakumaliza. Ana ami yake aliyemtangulia, na huyo anamshika mkono hadi kwa mwenye duka la jumla na kusema maneno machache: huyu mtoto wa fulani, namjua. Siku hiyo hiyo kijana anatoka na mzigo kwa mali kauli, auze kwanza ndipo alipe. Baada ya miaka michache ana fremu yake na yeye ndiye anayemshika mkono mwengine. Mombasa na Tanga ni vivyo hivyo. Watu huyaona haya wakasema Wapemba wamezaliwa na biashara. Sifa nzuri, na mimi ni wa huko, siikatai. Ila siri haimo katika damu. Kijana yule amehama na shahidi wake, au tuseme shahidi alikwishatangulia kumngojea. Sasa mchukue dada yake, muuguzi wa diploma, miaka tisa katika wodi ya wazazi Chake Chake, anayemfuata mumewe Uingereza. Ujuzi wake ni mkubwa kuliko wa kaka yake mara kumi, lakini kule hakuna anayeweza kusema namjua. Anayeweza kusema ni metroni wake, na sauti ya metroni haivuki bahari ila kwa barua yenye muhuri kutoka ofisini. Katika taaluma, ami ni masjala, ile ofisi inayotunza mafaili.

Historia yetu imelionyesha hili waziwazi. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 waliondoka walimu, makarani, wauguzi na watu wa mahakama, wengine kwa boti za usiku, wengine kwa pasi za safari walizozipata kwa tabu. Mwezi wa Julai 1970 Sultan Qaboos akashika madaraka Oman na kuwaita wenye asili ya huko waliotawanyika nje. Nchi ile wakati huo ilikuwa na skuli tatu tu za mfumo wa kisasa na wanafunzi wasiofika 1,000. Wazanzibari waliosoma kwa Kiingereza wakaingia wizarani, benki, madarasani na katika kampuni ya mafuta. Kiarabu cha wengi wao kilikuwa cha kuungaunga, wakachekwa kwa hilo, na jina la Zinjibari likawakaa. Hata hivyo walipata meza zao mapema. Maelezo ya kawaida ni kwamba Oman ilikuwa na uhitaji. Ni kweli, lakini uhitaji peke yake hautoshi. Hospitali za Uingereza nazo zinahitaji wauguzi leo na bado mwenzetu anakaa miaka nje ya mlango. Tofauti ni kwamba Maskati, mtu aliyekaa upande wa pili wa meza aghalabu alikuwa na yeye ametokea Unguja. Cheti kilichoandikwa King George VI hakikuhitaji barua kwenda skuli ambayo wakati huo ilikwishabadilishwa jina ikaitwa Lumumba, maana aliyekishika alipita kwenye korido zile zile. Waliokwenda London na cheti hicho hicho, cha mtihani wa Cambridge uliofanywa skuli ile, hawakupata wepesi huo. Mtihani wao ulijulikana, kwani Waingereza wenyewe ndio walioutunga. Iliyokosa wa kuitolea ushahidi ni miaka ya kazi iliyofuata baada ya mtihani.

Utaratibu wa leo umeligeuza jambo hili kuwa kanuni. Mamlaka za afya za nchi za Ghuba hazitosheki na cheti ulichokishika, hata kiwe na mihuri mitano. Kuna kampuni za uhakiki, DataFlow ndiyo inayojulikana zaidi na watu wetu, zinazokiandikia moja kwa moja chuo kilichotoa cheti na hospitali uliyofanyia kazi. Chuo kikijibu, faili linasonga. Kisipojibu, ripoti inaandikwa kwamba imeshindikana kuthibitisha. Haisemi umeghushi. Haisemi chochote kibaya juu yako, ila kwa mwajiri mwenye mafaili arubaini mezani tofauti hiyo ni ndogo mno. Uingereza nako baraza la wauguzi lina mtihani wa kompyuta na mtihani wa vitendo, pamoja na wa lugha. Madaktari wana wao wa PLAB. Marekani kuna mtihani wa leseni ya udaktari, USMLE, na baada yake kugombea nafasi ya mafunzo ya hospitali. Mitihani hiyo ni migumu lakini ni ya haki kwa maana moja: unaweza kukaa chini ukasoma. Barua ya masjala huwezi kuisomea.

Na kwa upande wetu kuna matatizo ambayo hayahitaji mtu mbaya ili yatokee. Chuo cha afya cha Mbweni, kile cha uandishi wa habari, cha fedha cha Chwaka, vyote viliunganishwa na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, chenye makao yake Tunguu. Uamuzi wenyewe una mantiki yake. Lakini muuguzi aliyemaliza Mbweni kabla ya hapo amebeba cheti cha chuo ambacho kwa jina hilo hakipo tena, na anayehakiki kutoka Dubai hajui, wala hana sababu ya kujua, kwamba aulize Tunguu. Barua pepe iliyoandikwa juu ya cheti imekufa. Namba ya simu ni ya mezani. Mimi mwenyewe, fundi wa maabara, niliwahi kukaa Maskati miezi kumi na moja nikipokea simu za wateja wa kampuni ya vifurushi, huku nikisubiri barua ya ukurasa mmoja kutoka mahali nilipofanya kazi. Hakuna aliyenikatalia. Kila nikipiga simu niliambiwa kwa upole kabisa kwamba jalada linatafutwa, na ndugu yangu aliyekwenda kufuatilia alikaribishwa hata kiti. Lilipoonekana, karatasi ndani yake ilikuwa nusu imeliwa na mchwa, na barua niliyopewa ilitaja mwaka wangu wa kuanza kazi lakini si wa kuacha.

Nije kwa wanaopinga. Hoja yenye uzito kuliko zote ni ya wanaosema kwa nini tumrahisishie mtu kuondoka. Zanzibar kwa sensa ya 2022 ina watu 1,889,773, na Pemba peke yake 543,441. Tanzania imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya 2023 ya nchi 55 zenye upungufu mkubwa zaidi wa watumishi wa afya, na kwa sababu hiyo mawakala wa Uingereza hawaruhusiwi kuja kuajiri huku, ingawa mtu binafsi akiomba mwenyewe hazuiwi. Wengine wamesomeshwa kwa fedha za Bodi ya Mikopo. Anayeuliza kwa nini masjala ifanye haraka kumsaidia muuguzi wa Micheweni kwenda kumhudumia mgonjwa wa Manchester anauliza swali halali, na sikubaliani na wanaomjibu kwa kuimba pesa za nje. Lakini angalia kinachotokea kweli. Barua ikichelewa, muuguzi habaki Micheweni. Anaondoka kwa sababu ya ndoa, ya familia, ya mshahara, na akifika kule bila barua anaishia kuwavisha na kuwalisha wazee katika nyumba za kulea, kazi ya heshima lakini si ile tuliyomsomeshea. Sisi tumempoteza muuguzi na wao hawakumpata. Halafu kuna jambo ambalo wapinzani wa kuhama walipaswa kulipigania wao kwanza: aliyeendelea na taaluma yake ng'ambo ana kitu cha kurudi nacho. Aliyeiacha miaka kumi na tano atarudi kujenga nyumba ya kupangisha Fuoni.

Hoja ya pili ni ya ubaguzi, nayo inapendwa sana na walioko nje. Sitaidharau. Kamisheni ya Haki za Binadamu ya Ontario yenyewe ilitamka mwaka 2013 kwamba kumdai mwombaji kazi uzoefu wa Kanada ni sharti ambalo lenyewe tu linaonekana kuwa ubaguzi; watu hawatamki hivyo bila ya kuwa wameona mengi. Jina la mtu na lafudhi yake huchujwa kabla ya ujuzi wake. Lakini kuiita mitihani yote ubaguzi ni kujidanganya. Mtu asiyejulikana akija hospitali ya Mnazi Mmoja na karatasi kutoka nchi ambayo hatujui vyuo vyake, akaomba kumpasua mama yako, ungetaka aulizwe maswali. Ningetaka aulizwe hadi achoke.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo inayosikika zaidi, na husemwa na watu wazima kwa sauti ya hekima: shida ya vijana wetu wakifika nje ni kuchagua kazi, chukua chochote, utapanda mwenyewe. Kwa mfanyabiashara ushauri huo ni sahihi, kwa sababu biashara haina tarehe ya kwisha. Taaluma inayo. Muuguzi aliyekwisha kusajiliwa Uingereza anatakiwa kuonyesha saa 450 za kazi yake katika kila miaka 3 ili abaki katika daftari. Hiyo ni kwa aliyekwishaingia. Aliye nje anahojiwa zaidi juu ya kazi yake ya karibuni. Anayechukua "chochote" katika ghala la bidhaa, kwa zamu za usiku, kila mwezi unaopita unamsogeza mbali na mlango alioujia. Matokeo ya mtihani wa Kiingereza wa IELTS nayo huhesabika kwa miaka 2 tu, kwa hiyo aliyefaulu kisha akasubiri barua ya kutoka kwao miezi kadhaa anaweza kujikuta anaurudia na kuulipia upya. Kazi ya kujikimu lazima iwepo, watoto hawali leseni. Iliyo jirani na taaluma, katika duka la dawa au kama msaidizi wodini, humsaidia mtu asisahau na humpatia hata msimamizi wa kumwandikia barua, yaani shahidi mpya. Ghala halimpi shahidi wa uuguzi. Anaposhindwa baadaye, wale wale waliomwambia achukue chochote husema hakuwa na bidii.

Hapo ndipo anapotajwa Abdulrazak Gurnah, tangu alipopata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021: mbona yeye aliondoka hapa bila kitu akafika alipofika? Namheshimu, na nafurahi kama kila mtu wa hapa. Lakini aliondoka akiwa na miaka kumi na minane. Hakuwa na taaluma ya kuijenga upya, alikwenda kuijenga ya kwanza, akasoma huko huko, na shahada yake ya uzamivu aliipata Kent mwaka 1982. Walimu wake wa huko ndio waliokuwa mashahidi wake. Na kuandika hakuna bodi inayosajili. Kumtumia yeye kumlaumu mkunga wa miaka 38 ni sawa na kumlaumu mtu kwa kutofaulu mtihani ambao mwenzake hakuufanya.

Baada ya kuwalaumu wa nje, tujitazame. Elimu ya juu ni jambo la Muungano. Afya si jambo la Muungano. Matokeo yake ni kwamba shahada ya udaktari inatambuliwa pande zote mbili za maji, lakini leseni haivuki. Daktari wa Mnazi Mmoja anayehamia Muhimbili, safari ya boti ya kama saa mbili, anakwenda kujisajili katika baraza ambalo hadi leo linaitwa la Tanganyika. Wakili wa Unguja naye atakuta chama kinachoitwa cha Tanganyika na daftari jingine, kwa kuwa Mahakama Kuu ni mbili. Anayetoka Bara kuja huku anapita njia hiyo hiyo kwa upande wake. Sisemi mipaka hiyo ifutwe, ina sababu zake za kisheria na za kisiasa ambazo Mzanzibari hazichezei. Nasema tu kwamba tunaojua vizuri hivi mtu anavyoanza upya baada ya kuvuka mkono wa bahari, tulipaswa kuwa wa kwanza kuelewa anavyoanza upya Toronto.

Pamoja na hayo, tunajua kupokea mtaalamu haraka tukitaka. Madaktari wa Kichina wamekuwa wakija Unguja na Pemba tangu miaka ya 1960, na hospitali ya Abdulla Mzee pale Mkoani haiwezi kuhadithiwa bila wao. Wanakuja kwa makubaliano ya serikali mbili. Serikali yao ndiyo ami yao. Mwaka 2022 ulipozinduliwa mpango wa Silicon Zanzibar, waandishi wa programu walialikwa kutoka kokote kuja kukaa Fumba, na kwa kuwa kazi yao haina bodi, shahidi wao ni kazi yenyewe, unaifungua kwenye kompyuta ukaiona. Mwaka 2023 IIT Madras, chuo cha teknolojia cha India, ikafungua tawi Bweleo, la kwanza nje ya India, na kijana atakayemaliza pale atakwenda popote na jina ambalo mwajiri wa Singapore analijua kabla hajafungua bahasha. Vizuri sana. Lakini kilomita chache kutoka hapo, Mbweni, anamaliza mwenzake ambaye shahidi wake ni kabati la mafaili.

Kwa hiyo kama kuna fedha na nguvu za kisiasa za kushughulikia wazawa walioko nje, zianzie huko. Kila chuo na kila hospitali ya umma iwe na anwani moja ya uhakiki inayojibiwa na mtu mwenye jina na cheo. Vyuo vilivyounganishwa vitoe waraka wa ukurasa mmoja, kwa Kiingereza na Kiarabu, unaoeleza kilichokuwa kinaitwa nini na kumbukumbu zake ziko wapi, na ukae pale ambapo mhakiki wa nje ataukuta. Mtumishi anayeacha kazi aondoke na barua ya utumishi siku ile ile, yenye tarehe zote mbili, bila kungoja siku atakayokuwa Sharjah akiitafuta kupitia kwa shemeji. Na kwa anayerudi, mabaraza ya taaluma yawe na leseni ya muda chini ya usimamizi, ili miezi ya kuhakiki karatasi zake za ng'ambo aitumie wodini badala ya barazani. Hakuna hata moja hapo linalohitaji kubadili sheria ya uraia, wala kungoja Dodoma.

Najua kwa nini hayapendezi kuyatangaza. Kadi ya hadhi maalumu inapigwa picha, na kiongozi anakata utepe. Masjala inayojibu barua haina utepe. Lakini katika Baraza la Wawakilishi, bajeti inapojadiliwa, mjumbe yeyote anaweza kusimama pale Chukwani akamuuliza waziri wa afya, na baada yake wa elimu: mwaka uliopita yalipokelewa maombi mangapi kutoka nje ya kuthibitisha vyeti na utumishi wa watu wetu, mangapi yalijibiwa, na baada ya siku ngapi? Kuyahesabu kungechukua asubuhi moja, ikiwa majalada yanaonekana.